Odessa, Mweusi, Miaka 61

Nyumba ya Bi. Odessa Tolliver ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka ofisi ya gazeti letu. Nalisema hilo mapema ili mjue uvivu wangu ulikuwa wa kiasi gani. Jumatano ile mtambo wa kuchapa ulikuwa unanisubiri. Badala ya kwenda kwa wafiwa, nikachukua gazeti la Wazungu wa mjini na kunakili tangazo lao neno kwa neno: "Odessa Tolliver, mweusi, miaka 61, amekufa."

Zama zile Wazungu wa Mississippi, kusini mwa Marekani, hawakumwita mtu mweusi kama sisi Bwana wala Bibi, hata akiwa maiti. Ndiyo sababu gazeti letu lilianzishwa. Mhariri wetu, Bi. Verlene, aliwaandika hata walevi "Bwana". Nami, niliyefundishwa kusoma na huyo huyo Bi. Odessa, nikamtangaza kama Wazungu.

Alhamisi Bi. Verlene alinitupia gazeti mezani.

"Lucius, 'mweusi'? Kwani wasomaji wetu ni rangi gani, kijani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikakimbia kwa mume wa marehemu, Bwana Ezell Tolliver.

"Nisamehe, mzee wangu. Wiki ijayo tutasahihisha."

"Wiki ijayo atakuwa udongoni, mwanangu. Tunazika Jumamosi." Hakunigombeza, afadhali angenitukana. "Uje usome tangazo, kama mnavyofanya siku zote."

Kanisani kwetu, mtu wa gazeti ndiye husoma tangazo la marehemu. Jumamosi nikasimama kando ya jeneza. Karibu kila mtu alikuwa na gazeti mapajani.

"Bibi Odessa Tolliver, mwalimu wetu mpendwa..."

"Hapana," alisema Bwana Tolliver kutoka benchi la mbele. "Soma ulivyoandika."

Nikamtazama Bi. Verlene aniokoe. Akainama.

Nikasoma. Nilipofika kwenye "mweusi", akina mama wakaacha kujipepea. Nikaishia hapo.

"Malizia, Lucius," akasema Bwana Tolliver.

Nikamalizia. Nikabaki nimesimama pale pale kando ya jeneza.

Bwana Tolliver akainuka, akaweka mkono juu ya jeneza.

"Bibi Odessa Tolliver," akasema.

"Bibi Odessa Tolliver," kanisa zima likaitikia, likisimama.

Mimi sikuthubutu kufungua mdomo.