Ukuta Mmoja na Jirani

Alhamisi moja ya mwaka 2004, baada ya sala ya alasiri, Kaltham na Alya walikaa chumbani kwa Kaltham, mjini Ibra, Omani, wakitazama filamu ya Kijapani. Ilikuwa habari ya mwanamke anayepigwa na mumewe. Jirani wote wanasikia, habishi hodi mtu, mpaka mwanamke mwenzake, aliyempenda tangu skuli, akaja kumchukua.

Wao nao walisoma pamoja. Alya aliolewa na Hamoud, nyumba ya pili na ya kina Kaltham. Kaltham alikataa kila posa, na sababu aliijua Alya peke yake.

Bi Ghanima, mamake Kaltham, aliingia na kahawa wakati wale wawili wa kwenye filamu wanabusiana.

"Astaghfirullah! Wanawake wawili! Zima uchafu huo!"

Kaltham hakuzima. Alimpandisha Alya mkono wa kanzu. Toka kiwiko hadi bega pamevilia damu.

"Tazama na hapa, mama. Huu si uchafu?"

Bi Ghanima akageuza uso. "Hayo ya mtu na mumewe."

"Ukuta wetu na wao mmoja! Kila akipiga kelele wewe unaongeza sauti ya redio. Wallahi nakusikia!"

"Kaltham, basi," Alya alinong'ona.

"Basi mpaka akuue?"

Alichukua ufunguo wa gari. Alya alisita mlangoni, kisha akavaa abaya yake, akamfuata. Walikwenda moja kwa moja mpaka mji wa Sur, kwa Musallam, kakake Alya.

Alya akadai talaka. Mahakamani Hamoud alikana kumpiga. Akasema mkewe ameharibiwa na shoga yake. Ndipo Bi Ghanima, ambaye hakuna aliyemwita, akasimama.

"Muongo huyu. Miaka mitatu namsikia akimpiga. Nami nilinyamaza, Mungu anisamehe."

Alya akapata talaka yake. Lakini nje, mbele ya watu, Bi Ghanima alimwambia binti yake, "Kweli nimeisema. Sasa huyu asikanyage tena kwangu. Ninayajua yenu."

"Basi na mimi sikanyagi."

Kaltham alihamia Sur, akapata kazi ya kufundisha na nyumba ndogo mtaa wa pili na kwa Musallam. Kila siku Alya alimjia mchana kweupe. Watu wakisema, Kaltham huwajibu, "Alipopigwa mlikuwa mabubu?"

Sikukuu Bi Ghanima hupiga simu. Kaltham humwamkia, "Shikamoo, mama," kwa adabu. Mama akimuuliza atarudi lini, Kaltham hukata simu.