Mtandao wa Chumba cha Eda

Bi Nunu alimkuta Ubwa dukani kwake Darajani, kaifungua redio ya watu matumbo nje, akamsimamia mbele bila ya kumuuliza kama ana nafasi au hana.

"Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba. Weka hiyo bisibisi. Wifi yangu anataka kumuona mwanawe na kompyuta haitaki."

Ubwa aliiweka bisibisi. Wifi yake Bi Nunu alikuwa Basma, na Basma alikuwa ndani ya eda. Mumewe, Darwesh muuza vitambaa, kaka yake Bi Nunu, alifariki ghafla mwezi uliopita, na tangu siku hiyo mjane hajavuka kizingiti cha nyumba yao ya Kiponda. Binti yao wa pekee, Lamya, kaolewa Maskati. Alikuja msibani, akakaa siku chache, akarudi kwa mumewe. Kabla ya kuondoka aliingiza intaneti nyumbani kwa laini ya simu, akamwachia mama yake laptopu ili wawe wanaongea na kuonana nyuso.

"Haitaki vipi?" Ubwa aliuliza.

"Chini ukumbini inasema vizuri. Ukipanda nayo juu chumbani kwake, kimya. Na Basma chini hakai, wanaume wanaingia na kutoka kwa mambo ya mirathi. Sasa nambie wewe, mtoto amuone mama yake au aone ngazi?"

"Ni zile kuta. Mawe na chokaa, unene mkono mzima. Mtandao haupiti pale."

"Kuta kajenga marehemu babu yangu, usizitukane. Unakuja au huji?"

"Nnakuja."

"Nnajua unakuja," Bi Nunu alisema, akimtazama kwa pembe ya jicho. "Angekuita mtu mwengine ungemwambia kesho."

Ubwa akaifunika redio. Kila mtu wa rika lao pale mtaani alikuwa akijua. Mwaka wa themanini na tano Ubwa alikuwa kijana aliyeacha shule mapema, anatengeneza redio chini ya ngazi za nyumba ya watu. Baba yake Basma alimwita kutengeneza redio kaseti. Kazi ya siku moja Ubwa aliifanya wiki mbili, kwa sababu kila akenda, msichana mmoja alikuwa akipita na sinia ya kahawa na kumuuliza: "Haijapona tu?" Mwisho akawatuma wazee wake kuposa. Walijibiwa kwamba binti bado anasoma. Mwaka haukwisha, binti akaolewa na Darwesh.

Ubwa naye alioa, baadaye sana, mwanamke mwema wa Mbweni. Hawakuwezana, wakaachana kwa salama, bila ya mtoto. Na Darwesh hakuwa na ugomvi. Walikuwa wakisalimiana msikitini, na siku ya mazishi Ubwa alitia bega lake kwenye jeneza kama wengine. Lakini kumsahau Basma, hapana. Hilo hakuliweza.

Dukani alikuwa na kidude kimoja alicholetewa na mtu kutoka Dubai. Cheupe, kidogo, kinaingia kiganjani kama kipande cha sabuni. Kazi yake ni kuudaka mtandao pale unapochoka na kuusukuma mbele. Alikitia mfukoni, akachukua na waya mrefu wa umeme, akafuatana na Bi Nunu.

Alipofika juu alisimama ngazini. Chumba cha Basma kilikuwa mbele yake, mlango wazi, pazia limeshushwa. Mwanamume asiye ndugu yake hana ruhusa ya kupita pale.

"Bi Basma," aliita.

"Naam."

Miaka ishirini na zaidi alikuwa hajaisikia sauti ile kwa karibu hivyo. Ilikuwa imekuwa nzito kidogo. Ubwa aliinama akajifanya anatafuta plagi.

"Iwashe laptopu. Pale chini pembeni pana vijiti. Nambie vingapi."

"Kimoja. Kimeondoka. Kimerudi. Fundi, kinanicheza shere."

Alikiweka kidude dirishani, hapakuwa na kitu. Akakiweka juu ya kabati la ukumbi wa juu, pakawa na kijiti kimoja. Mwisho alikipandisha kwenye rafu ya ngazini inayotazamana na mlango wake, sawasawa.

"Vinne!" Basma alisema. "Vimejaa!"

"Basi hapo hapo. Ila mlango huu usifungwe. Pazia linapitisha. Mlango wenyewe ni mbao nzito ya msaji, utaukata mtandao."

"Toba!" Bi Nunu alipiga kofi. "Mjane na mlango wazi! Watu wakiniuliza niwaambie nini?"

"Waambie mtandao umetaka hivyo."

Nyuma ya pazia Basma alicheka. Kicheko kifupi, akakikata mwenyewe, kama mtu aliyekumbuka alipo. Mara kompyuta ikalia, na sauti ya Lamya ikajaa chumbani: "Mama! Nnakuona! Mbona umekonda hivyo?" Basma akaanza kulia. Ubwa alishuka ngazi polepole na waya uliobaki mkononi.

Tangu siku hiyo akawa na njia ya kwenda Kiponda. Umeme ukikatika na kurudi, kidude kilikuwa kinapotea na lazima kiwashwe upya. Kikipata joto, kinazubaa. Bi Nunu angeweza kukichomoa na kukichomeka mwenyewe, hata mtoto angeweza, lakini Ubwa hakumfundisha, na Bi Nunu hakuomba kufundishwa. Alikuwa akija baada ya sala ya Alasiri, anakaa kwenye ngazi ya juu, Bi Nunu anamletea kahawa na kukaa kati yake na pazia.

"Leo kinaumwa nini?" Bi Nunu alimuuliza siku moja.

"Nnakitazama tu."

"Basi Mungu akuzidishie macho, maana unavyokitazama! Ungekuwa daktari wagonjwa wote wangepona."

Walikuwa wakizungumza, wote watatu, mambo ya kawaida. Bei ya samaki sokoni. Msikiti uliopakwa chokaa upya. Nani kazaa, nani kasafiri. Siku nyengine Basma alikuwa akisahau akamwita "Ubwa" badala ya "fundi," na Ubwa akirudi Darajani anaunguza waya kwa kuwaza.

Alikuwa keshaamua. Eda ikiisha, atatuma wazee tena. Safari hii hapana baba wa kusema binti anasoma. Alikwenda kumuuliza sheikh mmoja wa mtaa wa Malindi, kwa kuzungukazunguka, eti kuna rafiki yake. Sheikh akamwambia kumposa mjane waziwazi ndani ya eda ni haramu, ila kumdokeza hakuna ubaya: neno la mbali, la heshima, ili ajue kuna mtu.

Neno la mbali! Ubwa hakuwa na maneno ya mbali. Yeye kitu kikiungua husema kimeungua. Na zaidi ya hapo aliogopea jina la Basma. Darwesh hajakauka kaburini, mtu anapanda ngazi zake kila siku kwa kisingizio cha mtandao. Neno moja likitoka pale, mji mzima ungelitafuna. Akaona heshima yake kwake ni kunyamaza. Atanyamaza mpaka siku yenyewe, kisha atasema yote kwa mara moja.

Lamya hakunyamaza. Kila siku alikuwa kwenye kioo cha kompyuta, asubuhi na jioni, wakati mwengine Ubwa yuko pale pale ngazini anasikia. Mimba yake inamsumbua. Chumba cha mama huko kwake kimeshapakwa rangi. Ndugu wa baba wanataka nyumba iuzwe wagawane, sasa mama atakaa wapi? "Njoo, Mama. Una nani huko?"

Basma alikuwa akijibu, "Tutaona, mwanangu." Ubwa aliyasikia na akayachukulia maneno ya mtoto aliyemkosa mama yake. Tena alifurahi kwamba sauti haikatiki.

Eda ilipokaribia kwisha, jioni moja Bi Nunu alikwenda kuteremsha maji ya kahawa, akachelewa jikoni kuliko kawaida yake. Ngazini akabaki Ubwa na pazia.

"Ubwa," Basma aliita.

"Naam."

"Nikiondoka mimi hapa, hicho kidude kitakuwa na kazi gani?"

Ubwa alikitazama. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka vizuri.

"Hakitakuwa na kazi," alisema. "Mtakichomoa tu."

Pazia halikutikisika. Ubwa alisubiri aulizwe jengine, hakuulizwa. Bi Nunu alirudi na birika, akawatazama, yeye kisha pazia, akaimimina kahawa bila ya mzaha hata mmoja.

Eda ikaisha. Wanawake walikusanyika wakamkogesha Basma, wakamvisha, wakamfukiza udi. Siku ya pili yake Ubwa alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akamwacha Mzee Nahodha, mjomba wake, na wazee wengine msikitini wakimsubiri. Alitaka kwanza kupiga hodi mwenyewe, amuulize Bi Nunu wazee waje saa ngapi.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Basma. Nywele za pembeni zimeingia mvi, macho yale yale. Nyuma yake, katikati ya ukumbi, palikuwa na masanduku mawili yamefungwa kamba.

"Unakwenda wapi?" Ubwa aliuliza.

"Maskati. Lamya kanikatia tiketi. Nnaondoka keshokutwa."

"Nimekuja na wazee," Ubwa alisema. Yalimtoka hivyo hivyo, yamesimama. "Wako msikitini. Nimekuja kukuposa."

Basma alishika nguzo ya mlango.

"Leo?" alisema.

"Ulikuwa ndani ya eda. Sikutaka kukuvunjia heshima."

"Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwako. Kila siku nnasema leo atasema kitu, chochote, nijue. Nikakuuliza mwenyewe, mwanamke mzima, nikaivunja haya yangu. Ukanambia nikichomoe."

"Nilidhani unauliza kidude."

"Wewe!" alisema, na macho yakamjaa. "Wewe na vidude vyako."

"Basi usende."

"Nshampa mwanangu neno, Ubwa. Usiku ule ule uliponijibu. Anajifungua mwezi ujao, hana mama mwengine. Na nyumba nshaitilia saini iuzwe."

Ubwa aliyatazama masanduku. Kule juu kompyuta ikaanza kulia. Mlio ulishuka ngazi safi, bila ya kukatika.

"Ni yeye," Basma alisema. Hakuondoka.

"Kapokee. Usimweke mtoto akisubiri."

"Ubwa."

"Nenda, Bi Basma."

Alipanda. Ubwa alisikia miguu yake, kisha Lamya: "Mama, unalia nini?" na Basma akimjibu kwamba halii, ni moshi wa udi. Bi Nunu alitoka jikoni na kikombe, akamwona alivyosimama na kanzu yake, akakirudisha kikombe ndani.

Ubwa akatoka kwenda msikitini kumwambia Mzee Nahodha na wenzake waende zao nyumbani.