Neno la Mwalimu Maximilian

Mama Kalista alifika ofisini kwetu, tunakotengeneza kompyuta Sumbawanga mjini, akiwa ameifunga kompyuta ya marehemu mumewe kwenye kitenge. Nilimwamkia. Aliiweka mezani, akaanza kufungua mafundo taratibu, kana kwamba ndani kuna mtoto amelala.

Mumewe, Mwalimu Maximilian, alifundisha kwaya Laela miaka ishirini na sita. Kabla ya kufa alitunga misa nzima kwa Kifipa, akairekodi akiimba mwenyewe sauti zote nne. Rekodi zilikuwa mle, kwenye faili lililofungwa kwa nywila aliyoijua peke yake. Nakala nyingine haikuwepo. Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja ilibakiza siku tisa, na mama alitaka mumewe aimbiwe nyimbo zake. Alichojua ni kimoja tu: kila alipompelekea chai alimsikia akibonyeza herufi mara nane, halafu kile kitufe kikubwa cha mwisho.

Chuoni nilijifunza kuandika programu inayobuni maneno. Unaipa maneno mengi, nayo inahesabu herufi gani hupenda kufuata herufi gani, kisha inaunda mengine yenye sura ileile na kuyajaribu moja moja kwenye faili. Niliipa magazeti ya Kiswahili. Kwa siku tatu ilijaribu mamilioni ya maneno ya herufi nane, faili lisifunguke. Nilimpigia mama simu kwa aibu, nikamweleza nilichofanya.

Alicheka kidogo. "Mwanangu, mume wangu alikuwa anaota kwa Kifipa."

Sikuwa nimeliwaza hilo, mimi ambaye nyumbani kwetu Milepa hata mbwa tunamfukuza kwa Kifipa.

Jumamosi nikapanda basi la Laela na ile kompyuta. Uani nilikuta wanawake sita wakipukuchua mahindi. Mama aliwaeleza shida yetu, nao wakaanza kunitajia majina bila kuacha kazi: vijito, vilima, mashamba, mabibi waliokufa, maksai. Dominika, jirani yake, alisisitiza niandike vizuri jina la maksai wake wa zamani. Alikuwa mvivu kama Urbano, akasema. Urbano, shemeji yake, aliyekuwa akishona magunia, akajibu kwamba yeye angalau hajawahi kulala na nira shingoni.

Yalipofika maneno mia tisa na kitu, nikaiwasha programu.

Maneno yalianza kushuka kwenye kioo. Hayakuwa ya mtu yeyote, na mashine haikujua maana ya hata moja. Lakini nilipoyasoma kwa sauti, mikono yote uani ilisimama. Yalisikika kama watu wanaozungumza chumba cha pili: husikii wanachosema, ila unajua ni wa kwetu. Dominika akauliza nani ameifundisha. Nikamwambia ni wao, asubuhi hii.

Ilikuwa saa tisa alasiri, maneno laki mbili na zaidi yameshajaribiwa, kioo kilipotulia. Faili lilikuwa limefunguka. Neno lenyewe halikuwemo kwenye orodha yetu. Nilimgeuzia mama kompyuta.

Aliinama kulisoma. Kisha akaninong'oneza sikioni.

"Ndivyo alivyokuwa akiniita tukiwa wawili tu. Halijawahi kuandikwa popote. Usiwasomee."

Sikuwasomea, na hapa pia sitaliandika. Mashine ilikuwa imehesabu tu jinsi herufi zetu zinavyofuatana, na kwa kuhesabu huko ikafika hadi mahali walipokuwa watu wawili peke yao. Nilitamani kuvua viatu, kama mtu aliyekanyaga patakatifu.

Nikafungua rekodi ya kwanza. Mwalimu Maximilian alikohoa, akajipa noti, akaanza na besi. Mama alisogeza kigoda karibu na spika. Kwenye kiitikio Dominika aliweka gunzi chini akaingia na sauti ya pili, akibahatisha maneno. Mama Kalista akamshika goti.

"Ngoja kwanza," akasema. "Tumsikie yeye."