Mtu Mbaya Anapeleka Posa

Niseme mapema: uso wa Anaclet niliuharibu mimi. Yaani uso alizaliwa nao, ila mimi ndiye niliyeutangaza.

Naitwa Kemunto, nasomea filamu chuo kikuu hapa Durban, na nimepanga chumba Glenwood kwa mama mmoja anayehesabu dakika zangu za kuoga. Miaka mitatu iliyopita nilitengeneza filamu yangu ya kwanza kwa simu. Ilikuwa na maneno mengi. Wakenya wenzangu wakacheka Kiswahili cha Wakongomani, Wakongomani wakasema changu ni cha redio, Wazulu wakauliza kuna nini, na honi za taxi zikameza yaliyobaki. Kwa hasira nikazima sauti yote. Ikapendwa! Tangu siku hiyo natengeneza filamu bubu, dakika tatu tatu, na mwigizaji wangu mkuu ni Anaclet, Mkongomani anayeendesha foklifti kwenye ghala moja Mobeni.

Anaclet huigiza watu wabaya tu. Amekuwa mwenye nyumba anayeuza kitanda cha mpangaji wakati mpangaji yuko kazini. Amekuwa mchungaji anayeponya viwete aliowavunja miguu mwenyewe. Amekuwa daktari, na sitaki kueleza alichofanya na zile figo. Hasemi kitu. Anainua unyusi mmoja, anasubiri, kisha anatabasamu upande wa kushoto peke yake, na kule kwenye simu watu elfu themanini wanamtukana kwa lugha sita.

Umaarufu huo ulimletea nini? Ghalani walinzi humpekua mara mbili. Kwenye taxi akina mama huhamisha mikoba. Kanisani, wakati wa kupeana amani, kuna mama mmoja humpa mkono kila mtu wa benchi lake, akifika kwa Anaclet anainama kufunga kamba za viatu, na amevaa kandambili. Mwenyewe hucheka tu.

"Directrice," huniambia, yaani mwongozaji, "kama batu banachukia mimi, ni kazi inatembea muzuri."

Halafu akampenda Antoinette, na mambo yakaacha kuchekesha.

Antoinette ni msusi, anaishi Cato Manor na mama yake, Maman Bernadette. Baba yake alishafariki, kwa hiyo posa ilikuwa ipokelewe na baba mdogo, Papa Ezéchiel, anayekaa Johannesburg na ambaye hajawahi kumwona Anaclet ila kwenye simu. Na katika filamu zangu zote arobaini, aliyoiona ni ile ambayo Anaclet anapeleka mbuzi wa mahari, anakula pilau ya wakwe, kisha anarudi kuwaiba mbuzi wote. Papa Ezéchiel akapiga simu. Atakuja Jumamosi kwa heshima ya marehemu kaka yake, lakini "ule mutu wa mbuzi" asitegemee kitu. Antoinette naye akasema wazi: baba mdogo akikataa, yamekwisha. Mama yake aliolewa kwa kutoroka, na ukoo umemsema miaka thelathini. Yeye hataki.

Sasa, kwa desturi yao, siku ya kujitambulisha mposaji hafungui mdomo. Ana msemaji wake. Msemaji wetu alikuwa Papa Aloys wa kanisani, mtu ambaye hajawahi kumaliza sala chini ya nusu saa. Kwa hiyo Anaclet, ambaye dunia nzima inamjua kwa kunyamaza vibaya, angekaa saa mbili akinyamaza mbele ya watu wanaoamua maisha yake. Makaa niliyapalia mimi, anayeungua ni yeye.

Wiki nzima tulifanya mazoezi chumbani kwangu mbele ya kioo. "Fanya uso wa mtu mzuri," nikamwambia. Akatoa macho, akaonekana mtu aliyeficha maiti bafuni. Akayalegeza, akaonekana anakadiria ukubwa wa madirisha.

"Basi usifanye kitu," nikasema. "Kaa tu."

Jumamosi tulikaa, sebuleni kwa Maman Bernadette. Papa Aloys alianzia kwa Adamu na kufikia saa nane na nusu alikuwa bado kwa Nuhu. Papa Ezéchiel hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama Anaclet, na Anaclet, kwa woga, jasho likimtiririka, unyusi wake ukaanza kupanda wenyewe. Shangazi mmoja akavuta mkoba wake chini ya kiti.

"Papa Aloys, ngoja kwanza," Papa Ezéchiel akasema. "Maneno yako ni ya muzuri. Lakini mimi niko na swali moja. Huyu kijana, kazi yake ni kudanganya na sura. Sasa leo tutajuaje kama hadanganyi?"

Papa Aloys akamwacha Nuhu safinani. Akaniangalia mimi. Mimi mgeni tu, sina haki ya kusema pale. Walimu wangu wote chuoni hawajawahi kuniuliza swali zuri namna ile.

"Ni acteur, hapana?" Papa Ezéchiel akaendelea. "Bon. Asimame. Atuonyeshe bwana mwenye anapenda bibi yake. Tuone."

Anaclet akasimama. Akatabasamu pande zote mbili, ikawa mbaya zaidi. Akaweka mkono kifuani, ungedhani anapapasa kisu. Akapiga magoti mbele ya mke ambaye hakuwapo, akamnyooshea kiganja kama mtu anayempa ua, na mtoto mmoja mlangoni akaangua kilio. Watu walivunjika mbavu. Papa Ezéchiel mwenyewe alijifuta machozi. Anaclet akabaki katikati ya sebule, mikono inaning'inia, na kwa mara ya kwanza nikaona kicheko kinamuuma. Niliona haya, haya ya kweli.

"Basi," Papa Ezéchiel akasema. "Hata kwa kuigiza anashindwa."

"Ndio vile. Anashindwa."

Aliyesema ni Maman Bernadette, kwenye kochi, mguu wake mbovu juu ya stuli.

"Mumeona bote? Hawezi kabisa." Akamgeukia shemeji yake. "Ezéchiel, mwaka jana nilipasuliwa huu mguu. Ukitoka hospitali, taxi inakuacha kule chini, nyumba iko huku juu. Miezi minne, kila mardi, huyu alinibeba mu mugongo mpaka kwa mulango. Siku moja mukojo ilinitoka juu yake. Nikasikia haya, nikalia. Akaniambia, 'Maman, ni mvua.' Hakukuwa mvua. Mpaka leo hata Antoinette hajui. Sasa niambie. Mutu mwenye hawezi kuigiza mutu muzuri dakika moja mbele yako, aliigiza miezi minne na mimi mugongoni?"

Miezi hiyo minne, kila Jumanne, Anaclet aliniambia ana zamu ghalani, na mimi nilimtukana kwa kunichelewesha filamu.

Papa Ezéchiel aliutazama ule mguu juu ya stuli.

"Pesa ya ile taxi nilikuwa natuma mimi," akasema polepole. "Nilifikiri inafika kwa mulango."

Kisha akasema binti aitwe. Antoinette akatoka nyuma ya pazia, macho mekundu. Alikuwa amesikia yote. Baba yake mdogo akamuuliza wapokee vitu vya posa alivyoleta huyu kijana au wavirudishe. Inatakiwa aulizwe mara tatu. Hakungoja.

"Mupokee."

Hapo Anaclet akalia. Alilia vibaya mno, mdomo umepinda, kamasi zinamtoka, uso wa mtu ambaye ungemwitia polisi, na mle ndani hakuna aliyeuliza kama ni kweli.