Pembe Alizozipinda Baba

Mahakimu wawili wa Kizungu wa mpakani kwetu, Kelsall na Dorling, waligombania maksai wa baba yangu, mnyama aliyevuka mto wa mpaka, kila mmoja akidai ni wa wilaya yake. Pembe za maksai huyo baba alizipinda kwa mikono yake mwenyewe tangu akiwa ndama. Mxhosa yeyote, mtu wa kabila letu, angemtambua kwa pembe hizo. Lakini nani alituuliza? Gavana akamtuma afisa awapatanishe. Siku ya tatu wakatoka mezani wakicheka.

"Mabwana, na maksai wangu je?" baba akauliza.

"Mzee, ugomvi umekwisha," afisa akajibu huku akichokonoa meno. "Nenda nyumbani."

Nyuma ya jiko lao nikazikuta pembe zilezile, zina damu mbichi.

Na hawa ndio wanaotuita sisi wezi wa ng'ombe!