Kifua cha Nyumba ya Tano

Jumanne, saa nne asubuhi, Mama Dobi alikuwa anapiga pasi shuka la nne la nyumba ya wageni, nyumba yake, ya tano mtaani, ilipokohoa na kutema ubao. Ulikuwa wa tatu wiki hiyo. Uliruka kutoka ukuta unaoelekea baharini, ukapita juu ya kamba za nguo, ukatua kwenye beseni la soksi. Mama Dobi aliuchomoa, akaukamua kwa mikono miwili kama anavyokamua taulo. Ulitoa maji nusu ndoo. Aliuegemeza karibu na wenzake, akarudi ndani, maana pasi ya moto haingoji mtu.

Mtaa ule ulikuwa na nyumba kumi na mbili, zote zilizojengwa mwaka mmoja, zote zimevikwa mbao kwa nje, na zote zilikohoa. Ya kwanza ilikuwa na kikohozi kikavu cha mzee mvuta sigara. Ya tisa ilipiga chafya tu, ndiyo maana wapangaji waliigombania. Ukikuta ubao barabarani, unatazama rangi, unampelekea mwenyewe.

Lililomkosesha Mama Dobi usingizi ni bintiye wa miaka tisa. Nyumba ikianza kukohoa, mtoto anapokea, kama kwaya. Daktari alipoitwa alimpima mtoto mgongoni, kisha akaweka kipimo chake ukutani na kusema, "Vuta pumzi." Ukuta ukavuta. Daktari akatikisa kichwa.

"Vifua vyote viwili vina maji," alisema. "Sikuzungushi, mama. Chumba hiki kikauke kabla ya mvua kubwa, la sivyo mtoto aondoke pwani."

Wifi yake, aliyekuwa akiishi juu milimani, alikuwa keshamnunulia mtoto kitanda. Alikuja Jumamosi kukieleza kitanda chenyewe, miguu na mito.

"Nipe mtoto, wifi. Kwangu hata chumvi haigandi."

"Mtoto si shuka, uje umchukue leo na umrudishe Ijumaa."

"Nani kasema nitamrudisha?"

Mume wa Mama Dobi, baharia, alikuwa safarini. Alituma ujumbe kwamba lolote watakaloafikiana wanawake yeye analiunga mkono. Mama Dobi aliusoma mara moja, akaufuta. Walikubaliana na wifi kwamba mtoto angechukuliwa siku kumi baada ya mvua kuanza, kama bado anakohoa.

Basi akaanza kuitafutia nyumba vazi. Alizunguka madukani, akaomba vipande. Hakumsikiliza muuzaji hata mmoja, kwa sababu kila kitambaa dukani ni kizuri mpaka kikutane na maji. Alivitia vyote kwenye pipa la maji ya bahari siku saba, akavianika juani siku saba, akavirudisha pipani. Mbao laini, zile zilizouzwa kama "zimetiwa dawa", zilivimba kama mandazi, na alipozipasua aliona dawa imeishia kwenye ngozi. Bati lilishika kutu pale lilipokatwa. Plastiki ilijikunja kwa jua, ikawa kama ulimi wa mbwa. Mbao za mvule zilivumilia, lakini zilitaka kupakwa mafuta kila mwaka, na Mama Dobi tayari alikuwa na mume wa kumbembeleza. Mbao za saruji zilitoka vilevile zilivyoingia. Akachukua hizo, pamoja na misumari isiyoshika kutu.

Fundi wa mtaa alizipigilia kwa siku mbili. Ndiye aliyezivika nyumba zote kumi na mbili, na ufundi wake ulikuwa mmoja: ubao ugande ukutani, usiache upenyo. Alipomaliza alichomeka wembe nyuma ya ubao wa kwanza. Haukupita. Hivyo ndivyo mkaguzi wa majengo alivyopima nyumba kabla ya kutoa cheti, na hivyo ndivyo mafundi wote walivyojivuna.

"Wembe haupiti, mama," alisema fundi.

"Wembe haupiti, lakini maji yanapita. Au maji yanajua uchochoro?"

Siku ya tatu, saa sita mchana, nyumba ilikohoa mara moja tu, kikohozi cha kutoka kisiginoni. Mbao zote za saruji zilianguka kwa pamoja. Hazikuvunjika. Zilikuwa nzima na safi, ila migongo yake ilikuwa imelowa chapachapa. Mtoto alikohoa mpaka jioni. Wifi akapiga simu kuuliza mtoto anapenda shuka la rangi gani.

Kesho yake upepo ulinyakua shuka bichi kambani, ukalibandika kwenye ukuta wa baharini. Mama Dobi alikuwa na wateja watatu, akaliacha. Mchana alipolibandua, upande wa nje ulikuwa umekauka kabisa, na upande wa ndani ulikuwa unachuruzika. Mashuka mengine yote kambani yalikuwa makavu. Alisimama na lile shuka mkononi. Kisha akajigonga paji la uso.

"Miaka kumi na tano nafua nguo za watu," alisema, "halafu nguo ya nyumba yangu naianika ukutani!"

Akamwita fundi. Alimtaka apigilie kwanza vipande vyembamba vya mbao wima ukutani, papi zile, kila hatua moja, kisha mbao za saruji juu ya papi. Nyuma yake pabaki nafasi ya vidole viwili. Chini na juu paachwe wazi, pawekwe waya wa mbu tu, panya wasipange chumba.

Fundi alikasirika kama ametukaniwa mama yake. "Mwanya ni kazi ya mlevi! Mkaguzi akija nitaweka wapi uso wangu?"

"Uweke hapohapo ulipo, fundi, haujakaa vibaya."

Alipigilia huku akinung'unika. Msumari wa mwisho ulipoingia, nyumba ilivuta pumzi. Ilivuta ndefu, kutoka chini ya mbao. Kofia ya fundi ikamtoka kichwani, ikanasa kwenye waya. Kisha nyumba ikashusha pumzi juu, karibu na paa, na kofia ikaanguka. Fundi aliiokota, akaikung'uta, akaivaa.

"Inapumua," alisema.

"Ilikuwa inakuomba hivyo tangu zamani," alisema Mama Dobi.

Mvua kubwa zilianza Jumapili. Zilinyesha kwa ubavu, kama kawaida ya pwani, siku kumi bila kupumzika. Maji yaliupiga ukuta wa baharini, yakateremka, na yale yaliyopenya yakakutana na upepo nyuma ya mbao, yakarudishwa. Siku ya kumi daktari na wifi walifika pamoja, chini ya mwavuli mmoja. Wifi alikuwa na begi tupu la nguo za mtoto. Daktari alimsikiliza mtoto, akausikiliza ukuta, akarudia mara mbili.

"Vikavu," alisema. "Vyote."

Wifi alipapasa ukuta mwenyewe, kiganja kizima, kama mtu anayetafuta homa. Hakuipata. Alikaa, akanywa chai vikombe viwili.

"Kitanda nitakiuza," alisema.

"Usikiuze. Atakuja likizo. Na atarudi."

Mkaguzi alikuja wiki hiyohiyo, kwa ukaguzi wa kila mwaka. Alisogeza waya wa mbu, akachomeka wembe nyuma ya ubao, ukapita. Alichomeka rula, ikapita. Alichomeka vidole viwili, vikapita.

"Mama, nyumba imeanguka."

"Mbona naiona imesimama? Ingia ndani uone ilivyokauka."

"Kanuni haiingii ndani. Kanuni inaishia ukutani." Akachora msalaba mwekundu mlangoni. "Bila cheti haiuzwi."

"Nani kakwambia nauza?"

Nyumba nyingine zote zilipata cheti. Wakati mkaguzi anasaini cha nyumba ya saba, ilikohoa, na ubao ukampiga begani. Aliuokota, akamkabidhi mwenye nyumba pamoja na cheti. Fundi alikuwa amepewa kazi ya kuivika shule mpya, kwa mbao zilezile zilizotiwa dawa ngozini, na wembe haukupita popote.

Jirani wa nyumba ya nne alikuja kutoa pole. Alipitisha vidole nyuma ya mbao za Mama Dobi, akavichezesha kwenye upepo.

"Pazuri huku," alisema. "Ila mume wangu anasema bora kikohozi chenye cheti."

"Mpe salamu. Mwambie madaktari wapo."

Jioni mvua ilipungua. Mtoto alitoka barazani na kamba, akaanza kuruka. Mama Dobi alikuwa anakunja mashuka na kuhesabu kimoyomoyo. Zamani mtoto aliishia saba. Alipita saba, akapita hamsini, akapita mia, miguu ikigonga sakafu, kifua kikipanda na kushuka kimya. Kotekote mtaani nyumba zilikuwa zinakohoa kwa zamu.

"Ruka polepole," mama alimwambia. "Majirani wanaumwa."

"Watu au nyumba?"

"Wote."

Mtoto aliruka polepole kama mara tatu, kisha akasahau.