Walioipenda Tangu Siku ya Kwanza

Jumapili ile Stumai Shekiondo alilala akiwa na uchungu. Tangu adhuhuri alikuwa ameketi kando ya redio, nyumbani kwake Korogwe, akimsikiliza Zaina, aliyekuwa shoga yake wa chanda na pete, akisifiwa na mtangazaji kwa jambo ambalo hakulifanya. "Sisi tulioielewa kazi ya Lulua tangu siku ya kwanza tulichekwa sana," Zaina alisema kwa sauti ya mtu aliyeumia kweli. "Lakini tulisimama." Stumai alipiga simu ya kipindi mara kadhaa, haikupokelewa. Mwishowe akajitupa kwenye kochi, machozi yakimchuruzika, na usingizi ukamchukua redio ikiwa bado inasema.

Miaka minane nyuma mwimbaji Lulua alitoa albamu iliyokuwa filamu nzima, *Chumvi na Hariri*, nyimbo zilizofungamana kuwa kisa kimoja cha mama aliyefiwa na mwanawe, zote zikiimbwa ndani ya nyumba moja, bila dansi wala magari ya kifahari. Mashabiki waliozoea kuchezeshwa waliiita filamu ya matanga. Stumai, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiongoza kundi la mashabiki pamoja na Zaina, nao wakakodi ukumbi ili watu waitazame kwa utulivu. Kuzomea kulipoanza, Stumai alisimama kuitetea, akamgeukia mwenzake amshike mkono. Zaina akacheka pamoja na wazomeaji. "Mimi nimeburutwa tu na huyu," akasema ukumbi mzima ukisikia. "Kafiwa na mama yake juzi, kila kilio anakiona chake." Sasa vijana wamevigundua vipande vya filamu ile, wamevisambaza kwenye simu, nyimbo zake zinaimbwa saluni na harusini, na kila mtu anaapa kwamba alikuwapo.

Ndotoni alijikuta kwenye uwanda mpana wa vumbi jeupe, ambapo watu wengi walikuwa wakielekea upande mmoja kama maji yanavyofuata mtaro. Mbele yao lilitembea jitu moja lenye midomo mwili mzima, na kila mdomo ulisema lile ulilosema mdomo wa jirani. Huyo aliitwa Mkumbo. Nyuma yao alifuata mwanamke mpole, Sahau, akifagia nyayo zao kwa ufagio laini, na kila alipopitisha ufagio, ardhi ilionekana kana kwamba hakuna aliyewahi kupita upande wa pili. Stumai alimlilia aache nyayo za Zaina angalau, zibaki zimshuhudie, lakini Sahau alitabasamu tu na kuendelea na kazi yake. Ndipo akatokea mwanamke mrefu aliyevaa kanga nyeupe pe, akamshika kifundo cha mkono. "Usihangaike naye, mwanangu," alisema. "Mimi ni Uaminifu. Nimekaa nawe miaka yote hii. Twende kwenye nyumba ya Sifa, ukaseme ukweli wako."

Nyumba ya Sifa ilikuwa na milango mingi, na kuta zake ziling'aa kwa picha za filamu ile ile, mama akifua nguo ndogo za mtoto asiyekuwapo. Sifa mwenyewe, mzee mnene asiyeona mbali, aliwavisha majoho wote waliomkaribia, na Zaina alikuwa tayari amevaa lake. "Sema!" mwenye kanga nyeupe alimsukuma. Stumai akasema yote, la ukumbini, la kicheko, la mama yake. Joho likamteleza Zaina mabegani, naye akasimama mikono mitupu, macho chini. Stumai alingojea moyo wake utue. Haukutua. Kisha wimbo wa mama afuaye nguo ukaanza, umati ukaimba huku ukilia, hata wale walioletwa na Mkumbo, lakini Stumai alipofungua kinywa aimbe nao hakuyakumbuka maneno.

Aligeuka kumuuliza kiongozi wake, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri. Masikio yake yalikuwa yameshonwa kwa uzi mweusi.

"Wewe si Uaminifu!"

"Nilikuwa naye mwanzoni," yule alijibu bila haya. "Alipochoka nikashika nafasi yake, wala hukuona tofauti. Naitwa Kinyongo."

"Na yeye yuko wapi?"

Mkono wa Kinyongo ulilegea. Stumai akatoka mbio, akamkuta Uaminifu nje, chini ya dirisha, mwanamke mdogo mwenye nguo za kawaida, akisikiliza wimbo kwa macho yaliyofumbwa. "Zaina alikukosea," alisema taratibu, kabla hajaulizwa. "Usimruhusu mtu akuambie hakukukosea, hata kama mtu huyo ni wewe. Lakini uliipenda kazi hii kwa sababu ilimlilia mama yako pamoja nawe. Tangu siku ile umeifanya kesi. Ni lini uliisikiliza mara ya mwisho?"

Stumai alitafuta jibu mpaka kutafuta kwenyewe kukamwamsha.

Redio ilikuwa imehamia kwenye mpira. Alikaa kitako, shingo ikimuuma, na maana ya ndoto ikamwingia kidogo kidogo, pamoja na aibu. Miaka minane alikuwa ameitetea filamu ile kwa kila aliyemsogelea, bila hata mara moja kuifungua. Akaifungua kwenye simu. Mama wa kwenye filamu akaloweka nguo ndogo kwenye beseni, kimya, na Stumai akamlilia mama yake kilio alichokikatiza ukumbini.

Simu ikaita katikati. Alikuwa Zaina.

"Shoga! Umenisikia redioni?"

"Nimekusikia. Umesema uongo, Zaina."

Zaina akajibu kwa sauti isiyo ya redioni, "Najua."

Stumai alingoja neno la pili, la kuomba radhi. Halikuja. Alitambua kwamba angeweza kuendelea kulingoja mpaka uzeeni.

"Basi kwaheri," akasema. Akakata simu, akairudisha filamu pale ilipokatizwa, akaongeza sauti.